Injini ya akiba ilijamu ikiwa stoo. Nini kiliiua, na yangu niihifadhije?

#1 Barabara_ya_Nane

Wakuu habari zenu. Niende moja kwa moja.

Nina Hiace yenye injini ya dizeli ya 5L inayobeba abiria na mizigo midogo hapa Tanga. Injini ya sasa haina shida, haili oili, asubuhi inawaka mara moja. Ila juzi juzi nilikuwa Dar, nikapita Gerezani, kule kwenye maduka ya vipuri, kutafuta kitu kingine kabisa, nikakutana na 5L ya Japani ikiwa kamili: pampu, stata, altaneta, mpaka feni. Tukaizungusha kwa mkono, tukafungua mfuniko wa oili, ndani safi. Nikaichukua, maana zinazoingia siku hizi zinazidi kuchoka na bei inazidi kupanda. Mpango ni ikae hadi hii ya sasa imalize kazi yake, labda miaka mitatu au minne.

Kinachonitia hofu ni kilichompata mjomba. Alikuwa na injini ya 3L ya akiba, ameiweka stoo ya nyumbani, si mbali na bahari. Ameizungushia nailoni ngumu, akaifunga kamba vizuri, imekaa sakafuni. Siku alipoihitaji, krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, haikusogea hata kwa bomba refu. Kufungua hedi ya juu, silinda mbili zina kutu imeshika ringi za pistoni, mbili nyingine zinang'aa. Fundi wa kwanza akasema ni simenti ya sakafu. Wa pili akasema oili chafu iliyoachwa ndani. Jirani akasema chumvi ya bahari.

Maswali mawili: kwa nini silinda mbili tu? Na mimi yangu niifanyeje?

#2 Spana17

Mbili kati ya nne, jibu unalo mkononi. Ni valvu.

Injini ya silinda nne ikizimika yenyewe, kwa kawaida pistoni zote husimama katikati ya safari. Silinda moja iko kwenye kuvuta hewa, valvu yake ya kuingizia iko wazi. Moja inatoa moshi, valvu ya ekzosi iko wazi. Mbili zilizobaki zimefungwa. Hewa ya bahari imeingia kwenye zile mbili za wazi, basi.

Hebu taja silinda zilizoshika kutu ni namba ngapi. Mpangilio wa kuwaka hapo ni 1-3-4-2. Jozi inayokuwa wazi lazima iwe ya majirani kwenye huo mpangilio: 4 na 2, 2 na 1, 1 na 3, au 3 na 4. Ukinitajia mojawapo, kesi imefungwa.

#3 Pilau_Bila_Nyama

Nimeleta kiti, nimeleta karanga. Mleta mada jibu haraka tusikie hukumu.

#4 Barabara_ya_Nane

Spana17 asante mkuu. Nimempigia mjomba sasa hivi. Ni namba 2 na namba 3. Zile za katikati.

#5 Pilau_Bila_Nyama

Kesi imefunguliwa upya 😂

#6 mama_kipanya

Za katikati? Hiyo ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, msihangaike na mahesabu. Injini ilishushwa ikiwa na maji ndani. Rejeta ikitolewa watu hudhani maji yameisha, kumbe kwenye bloku yamebaki mengi mpaka ufungue ile plagi ya pembeni ya bloku. Gasketi ikiwa imechoka kati ya 2 na 3, maji yanapenya polepole, hakuna joto la kuyakausha. Nimemiliki vipanya muda mrefu hapa Mbeya, injini nyingi za mtumba zinakuja na ugonjwa huo huo na muuzaji hakwambii.

#7 Spana17

Dada mama_kipanya, gasketi ikipasuka kati ya silinda mbili kinachovuja kwanza ni kompresheni, ile hewa iliyobanwa, kutoka silinda moja kwenda nyingine. Maji kuingia zote mbili kwa kiasi sawa, sijui. Inawezekana, ila fundi aliyefungua hedi angeona alama kwenye gasketi. Mleta mada, gasketi ilikuwaje?

#8 Barabara_ya_Nane

Gasketi ilitupwa. Mjomba anasema hakuna aliyeiangalia, kila mtu alikuwa anatazama kutu.

#9 Mtu_wa_Ruwi

Assalamu alaykum. Mie niko Maskati, kazi yangu gereji. Naona mnazungumza njia ya kuingilia hewa lakini hamjasema maji yametoka wapi. Maji yametoka hewani.

Chuma kile ni zaidi ya kilo mia mbili. Usiku kinapoa, asubuhi hewa inapata joto haraka lakini chuma bado baridi. Hewa ya pwani yenye unyevu ikigusa chuma baridi inatoa jasho, ndani na nje. Kila siku kidogo kidogo, mwaka mzima. Chuma kikavu hakishiki kutu kwa kasi. Unyevu wa hewa ukivuka kama asilimia 60 ndipo mambo yanapoharibika, na Tanga, Unguja, Mombasa siku nyingi mko juu ya hapo. Huku kwetu jua kali linadanganya watu. Mwezi wa saba upepo ukitoka baharini, ukuta unatoa maji.

Na ile nailoni ndiyo iliyomaliza kazi. Nailoni iliyofungwa kamba haizuii hewa kuingia, ila inazuia unyevu kutoka. Ama uzibe kweli kweli na uweke kikaushio ndani, ama uiache ipumue chini ya turubai. Nusu nusu ndiyo mbaya kuliko zote.

#10 Kondoa_Kavu

Naunga mkono Mtu_wa_Ruwi. Huku kwetu Dodoma nimeona injini ya Land Rover imekaa chini ya mwembe miaka na miaka, mfuniko ni debe tu, ikazungushwa ikazunguka. Hatukuipaka chochote.

#11 Wa_Changamwe

Kondoa_Kavu nyinyi hata mbuzi wenu hawanywi maji. Ilete hiyo Land Rover Changamwe uone.

#12 Bawa_la_Kulia

Nimefanya kazi kwenye matengenezo ya ndege ndogo, naomba nichangie kuhusu 2 na 3.

Spana17 yuko sahihi kwa injini iliyozimika yenyewe. Lakini hii haikuzimika stoo, ilishushwa na mtu. Mafundi wengi kabla ya kushusha injini, au wakikagua mkanda wa taimingi, huizungusha mpaka alama ya puli ikae sawa, silinda namba 1 juu kabisa. Hapo 1 na 4 ziko juu, na 2 na 3 ziko chini kabisa. Maana yake ukuta wote wa silinda 2 na 3 uko uchi juu ya pistoni. Wa 1 na 4 uko chini ya pistoni, upande wa krenki, kwenye mvuke wa oili.

Ongeza valvu. Namba 1 ikiwa juu tayari kuwaka, namba 2 ndiyo kwanza imemaliza kazi na valvu yake ya ekzosi imeshaanza kufunguka. Namba 3 ndiyo imemaliza kuvuta hewa na valvu yake ya kuingizia haijafunga sawasawa. Zote mbili zina mlango wazi kidogo na ukuta mzima nje. Namba 4 nayo ina valvu zilizoachia kidogo, lakini pistoni iko juu, hakuna ukuta wa kushika kutu.

#13 Pilau_Bila_Nyama

Mwalimu, ubao umejaa. Nafuta halafu urudie.

#14 Spana17

Bawa_la_Kulia hapo umenishika, hesabu inakubali. Na valvu bado zimo, sijatoka kwenye hoja yangu 😀 Lakini lazima tujue kama kweli iliwekwa kwenye alama. Mjomba anakumbuka?

#15 Barabara_ya_Nane

Hajui. Fundi aliyeishusha alihamia Arusha na namba haipatikani. Anachokumbuka ni kwamba ekzosi ilizibwa kwa kitambaa na upande wa kuingizia hewa uliachwa na bomba lake.

#16 mama_kipanya

Kitambaa! Kitambaa kinanyonya unyevu na kuukalisha mdomoni mwa valvu. Na bado nasema gasketi.

#17 Grogan_Msee

Niaje wazee. Mimi natoka Nairobi, nauza engine za kutoka Japan, half cut (gari nusu, ile sehemu ya mbele) na mzima. Nyinyi mnaongea ni kama engine ni mgonjwa ICU. Sisi kwa stoo kila wiki kijana anapitia zote na breaker bar, anazungusha kidogo. Engine inayozungushwa haijam. Simple.

#18 Bawa_la_Kulia

Grogan_Msee, hilo la kuzungusha ni mjadala wa zamani. Lycoming, watengenezaji wa injini za ndege, kwa maandishi yao hawapendi mtu azungushe kwa mkono injini iliyolala akidhani anaikinga na kutu. Ringi zinafagia ile oili kidogo iliyobaki ukutani, pampu ya oili kwa mzunguko wa mkono haipandishi oili ya kutosha, halafu unaiacha silinda ikiwa kavu kuliko mwanzo. Na kama kutu imeshaanza, ringi zinaisaga kama msasa.

#19 Grogan_Msee

Ndege iko na silinda zimetokea nje na kemu, ile inafungua valvu, iko juu ya krenki, hiyo ni story ingine. Engine ya gari kemu iko juu kwa head. Na zangu hazikai, zinauzwa ndani ya miezi michache. Result iko kwa ground, hakuna amejam.

#20 Mtu_wa_Ruwi

Na Nairobi kuna baridi na hewa kavu kuliko Tanga, ndugu yangu. Jibu lako ni la Nairobi na la injini inayouzwa kesho.

Mie nafanya hivi: kama silinda zimetiwa oili na zimezibwa, siigusi. Kama mwenyewe anataka kuizungusha, atie oili kwanza kila silinda, kisha azungushe mizunguko miwili kamili, si robo. Robo robo inahamisha tu mahali pa kutu.

#21 Spana17

Na azungushe kwa bolti ya puli ya krenki tu, kulia, ukiwa umeitazama injini kwa mbele. Asithubutu kuzungusha kwa kemu. Kwenye 5L mkanda ukiruka jino, valvu zinagonga pistoni.

Sasa tumsaidie mleta mada na ya kwake, mjomba tutamrudia. Mimi ningefanya hivi, na ningeanza kabla hujaitoa kwenye gari lililoileta kama ingewezekana, maana ukiweza kuiwasha hata dakika ishirini ipate moto sawasawa unachoma unyevu wote. Yako haiwezekani, imekuja peke yake. Basi:

Mwaga oili iliyomo, badilisha filta, weka mpya. Usitafute ya bei mbaya, oili nzuri ya kawaida ya dizeli inatosha, ina dawa za kuzuia kutu na asidi. Utaimwaga tena siku ya kuifunga. Chomoa hita plagi zote nne, zile za kupasha silinda moto wakati wa kuwasha, tia oili kila tundu, funika matundu kwa kitambaa, zungusha. Rudisha hita plagi kwa mkono. Ziba kila mdomo: ekzosi, manifoldi, bomba za maji, bomba la pumzi la mfuniko wa valvu, kijiti cha oili. Stata na altaneta ziondoe, weka ndani ya nyumba, zina koili za shaba na brashi, hazipendi stoo.

#22 Barabara_ya_Nane

Asante sana mkuu. Oili ya kwenye silinda kiasi gani? Nilikuwa nafikiria kikombe cha kahawa kila moja.

#23 Spana17

Hapana!! Kijiko cha chakula kimoja, mililita kama 15, usizidishe.

#24 Bawa_la_Kulia

Nieleze kwa nini, maana hapa watu huvunja injini. 5L ina ujazo wa cc 2986, kila silinda ni karibu 746. Kompresheni ni takriban 22 kwa 1. Ukigawa, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni kama mililita 35 tu. Ukitia mililita 50 na kufunga hita plagi, pistoni ikipanda inakutana na kimiminika ambacho hakibanwi. Kwa mkono utahisi imegoma. Kwa stata unapinda koni rodi, ule mkono wa pistoni. Ndiyo maana hata siku ya kuiwasha, miaka mitatu ijayo, hita plagi zitolewe kwanza na istatiwe ikiwa wazi mpaka irushe oili yote na presha ya oili ipande.

#25 Wa_Changamwe

Babu yangu alikuwa na mashine ya kusaga, yeye alikuwa akitia mafuta ya nazi. Haikujam hata siku moja. Kwani nyinyi mafuta ya nazi mna ugomvi nayo?

#26 Pilau_Bila_Nyama

Injini itakuwa na nywele nyororo.

#27 Spana17

Mafuta ya kupikia yanakauka yanakuwa gundi. Ringi zitashikana hata bila kutu.

#28 Mtu_wa_Ruwi

Spana17, hapo kidogo. Ya alizeti ndiyo yanayokauka gundi haraka. Ya nazi hayakauki upesi hivyo, lakini yanaganda nyuzi joto zikishuka chini ya 24 hivi, na yakichachuka yanatoa asidi. Mashine ya babu yake Wa_Changamwe ilikuwa ikifanya kazi kila siku, haikulala. Kwa kuhifadhi, oili ya injini tu.

#29 Wa_Changamwe

Angalau mmoja amemheshimu babu. Shukran.

#30 Kondoa_Kavu

Mafuta ya taa je? Huku wengi wanatia mafuta ya taa au dizeli kwenye silinda.

#31 mama_kipanya

Mafuta ya taa ni ya kuifungua iliyojamu, si ya kuhifadhi. Yanaosha oili ukutani na kuteremka kwenye sampu, lile bakuli la oili la chini. Dizeli ndani ya pampu ni kitu kingine, hiyo iache. Pampu ya 5L ijazwe dizeli safi iliyochujwa, bomba za nozeli na mdomo wa kuingilia zizibwe vifuniko vya plastiki. Pampu ikikaa nusu tupu, ndani inapata kutu kwenye vile vyuma vilivyosuguliwa laini, na kuitengeneza kutakugharimu pesa ya kukusahaulisha hiyo bei nafuu uliyopata Gerezani.

#32 Grogan_Msee

Na hii WD-40 si inatosha? Unapuliza kila mahali, unafunga.

#33 Bawa_la_Kulia

Ile ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye vyuma. Hizo herufi na namba maana yake ni jaribio la 40 la kuhamisha maji. Kufukuza maji inafanya vizuri. Lakini sehemu kubwa ni kiyeyushi kinachoruka, kinachobaki ni utando mwembamba. Kwa wiki kadhaa sawa. Kwa miaka, weka oili nzito au nta juu ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma, na sehemu zote za chuma zilizo wazi.

#34 Spana17

Flaiwili, umenikumbusha. Kama ina klachi, fungua presha pleti na sahani ya klachi, weka kando. Sahani ikikaa imebanwa kwenye flaiwili sehemu yenye unyevu inashika, siku ya kufunga giaboksi unakuta haiachii.

#35 Barabara_ya_Nane

Naandika yote haya. Kwenye maji je? Nitoe yote au niache koolanti? Kwa uzoefu wa mama_kipanya naogopa kuacha hata tone.

#36 Theluji_Mbali

Mimi niko Minnesota. Huku ukiacha maji matupu kwenye bloku wakati wa baridi, yanaganda yanapasua chuma. Kwa hiyo ama koolanti nusu kwa nusu na maji, ama kavu kabisa. Nyie baridi hiyo hamna, chagueni mtakalo. Nimewahi kuhifadhi injini ya Corolla yangu gereji ya nyumbani kwa msimu mzima wa theluji ikiwa na koolanti yake, haikudhurika.

#37 Mtu_wa_Ruwi

Koolanti ina dawa ya kuzuia kutu. Jaza bloku mpaka juu, ziba bomba zote mbili, hewa isiwemo. Pasipo hewa hakuna kutu. Ukimwaga nusu ndipo mstari wa maji na hewa unapokula chuma.

#38 mama_kipanya

Na gasketi ikiwa mbovu umeijaza silinda koolanti. Hii ni ya mtumba, hujui historia yake. Toa yote, fungua plagi ya bloku, puliza kwa kompresa, acha wazi juani siku mbili, ndipo uzibe.

#39 Mtu_wa_Ruwi

Basi aipime gasketi kwanza. Ajaze maji, apulize hewa kidogo, atazame kama inashuka.

#40 mama_kipanya

Akiipima baridi haitaonyesha. Nyufa zinafunguka kwa moto.

#41 Pilau_Bila_Nyama

Hawa wawili waandikiwe cheti cha ndoa tu.

#42 Kondoa_Kavu

Jamani sakafu hamjaimaliza. Mimi nimeambiwa tangu utoto kwamba simenti inavuta nguvu ya betri na inaoza injini.

#43 Bawa_la_Kulia

Betri ni hadithi ya zamani, betri za plastiki za siku hizi haziathiriki na sakafu. Injini ni tofauti kidogo. Sakafu isiyo na nailoni chini ya zege inapandisha unyevu wa ardhini, na hewa ya chini kabisa ya stoo huwa na unyevu zaidi. Lakini kosa kubwa ni kuikalisha injini juu ya sampu. Kilo mia mbili na zaidi juu ya bati. Sampu inabonyea, mdomo wa kunyonyea oili ulio ndani yake unakaribiana na bati au unapinda, na siku ya kwanza ya kuwasha presha haiji.

Tengeneza kitanda cha vyuma, ishikwe kwenye miguu yake ya injini. Mchundo yeyote wa kuchomelea atakifanya.

#44 Wa_Changamwe

Kitanda kiwe cha chuma kweli, mbao mchwa watakula na injini utaikuta chini.

#45 Barabara_ya_Nane

Hilo la chuma nimelipenda. Kikaushio je, mchele? Chumvi ya mawe?

#46 Mtu_wa_Ruwi

Chumvi!! Ndugu yangu, chumvi inanyonya maji mpaka inayeyuka, kisha yale maji ya chumvi yanadondokea chuma. Ni kama kuipeleka injini baharini mwenyewe. Mchele utaleta wadudu na panya.

Tumia silika jeli. Vile vipakiti vya kwenye masanduku ya viatu ni vidogo mno, lakini kuna mchanga wa paka wa silika, unauzwa kwa kilo. Kaanga kwenye sufuria kavu au oveni nyuzi kama 120 saa mbili tatu ili utoe unyevu uliokwisha kuunyonya, tia kwenye soksi safi, weka ndani ya nailoni nzito pamoja na injini. Toa hewa, ziba kwa tepu pana, kisha turubai juu. Kila baada ya miezi kadhaa fungua, kaanga tena. Kuna na karatasi maalumu ya kahawia yenye dawa inayotoa mvuke wa kuzuia kutu, wanaofungia vipuri vipya wanaitumia. Ukiipata kwenye maduka ya beringi, ifungie sehemu zilizo wazi.

#47 Spana17

Kukaanga mchanga wa paka. Mke wako atakuelewa?

#48 Mtu_wa_Ruwi

Alikwisha kunielewa zamani, nina sufuria yangu.

#49 mama_kipanya

Kitu kimoja mmesahau: nyigu wa udongo. Bomba lolote lenye upana wa kidole, wakiliona, wanajenga. Nimeshatoa udongo mgumu kwenye manifoldi mara nyingi tu. Ukiwasha bila kuangalia, udongo unaingia silinda. Kwa hiyo vifuniko viwe vya plastiki au bati na gasketi, visiwe vitambaa, na uandike idadi ya vifuniko mahali. Kifuniko kilichosahaulika ndani ya bomba la maji kinachemsha injini siku ya kwanza.

#50 Grogan_Msee

Poa, na makaratasi? Huku Kenya engine number iko kwa logbook, ukibadilisha lazima ufuate process. Risiti ikipotea utaulizwa engine umetoa wapi.

#51 Spana17

Hata huku namba ya injini iko kwenye kadi ya gari. Akishaibadilisha aende TRA kadi irekebishwe. Risiti ya Gerezani iwekwe pamoja na picha ya namba ya injini, si ndani ya stoo na injini, panya watakula zote mbili.

#52 Mkulima_wa_Lushoto

Nimesoma uzi wote. Swali la mjinga: kwa nini asiifunge hii sasa hivi kwenye Hiace, na ile inayotembea ndiyo aihifadhi? Ile anaijua.

#53 mama_kipanya

Hilo si swali la mjinga. Ile anaweza kuiwasha, akaipa moto, akabadilisha oili, akaipumzisha ikiwa kavu. Na hii ya mtumba itajulikana kama nzima ndani ya mwezi, muuzaji akiwa bado anapokea simu. Ila mimi nisingehifadhi kabisa. Injini ni pesa iliyolala, seal za mpira zinazeeka, mkanda wa taimingi unazeeka. Ningeuza, ningeweka pesa.

#54 Grogan_Msee

Pesa pia inazeeka mama. Hii engine mwaka kesho bei ni ingine.

#55 Spana17

Kubadilisha injini nzima inayotembea ili ujaribu nyingine? Unalipa kazi mara mbili, unachokoza nyaya, gasketi, klachi. Nzima usiiguse. Mkanda hata akihifadhi atabadilisha siku ya kufunga, pamoja na seal ya mbele na ya nyuma ya krenki, hiyo ni lazima.

#56 Barabara_ya_Nane

Wakuu nashukuru wote. Nimemaliza oili na filta leo, kitanda kinachomelewa kesho. Hita plagi tatu zimetoka, ya nne inagoma, nimeitia oili ilale. Maji nimetoa yote, plagi ya bloku imetoa tope jekundu, nimesafisha mpaka maji yametoka meupe. Ya kuibadilisha na ile ya sasa bado tunabishana nyumbani. Na mjomba amesema atauliza Arusha kama kuna anayemjua yule fundi, atuambie kama aliweka kwenye alama.

#57 Bawa_la_Kulia

Hita plagi usiilazimishe, ikikatikia ndani utafungua hedi. Ipashe joto kidogo pembeni yake, sogeza mbele na nyuma.

#58 mama_kipanya

Tope jekundu kwenye bloku. Sisemi kitu.

#59 Spana17

Umeshasema 😀

#60 Mkulima_wa_Lushoto

Nami nina giaboksi ya otomatiki ya Noah imekaa chini ya ngazi tangu mwaka juzi na toki kanveta yake. Nayo inajam?

#61 Grogan_Msee

Iko na oili ndani ama iko dry? Na hizo bomba za kupoza zimezibwa?

#62 Mkulima_wa_Lushoto

Moja imezibwa. Nyingine ngoja nikaangalie.